Feruzi kwenye Udongo Mwekundu

Kadi ya rangi inayokaa juu ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi mjini Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, huchakaa upande mmoja. Safu ya nyeupe na za maziwa hubaki safi, maana anayetaka nyeupe haulizi, anaagiza tu. Safu inayojaa alama za vidole ni ile iliyo kati ya bluu na kijani. Hapo ndipo wateja hukwama, mume akivuta huku na mke kule, huku mwenye duka akiwa ameshaanza kuhudumia mtu wa misumari.

Vijana wa dukani huiita tili. Feruzi inayozungumzwa katika sura hii ndiyo hiyo: bluu iliyoingiwa na kijani, ikatiwa weusi kidogo mpaka ikaacha kung'aa. Ni rangi inayopendeza kwenye kadi ya sentimita tatu na kuleta ugomvi kwenye ukuta wa mita tatu.

Mteja aliyetoka Paya, huko Budama Magharibi katika wilaya ya Tororo, ana sababu zake za kuitaka. Akishika barabara kwenda Tororo na kuendelea hadi mpakani, karibu kila ukuta unaotazama lami una mwenyewe. Duka la njano ni la MTN, jekundu ni la Airtel, na akivuka upande wa Kenya anakutana na kijani ya Safaricom. Kampuni hizo za simu hupaka maduka ya watu bure, nao wenye maduka hukubali kwa kuwa rangi ni ghali. Kuna pia siasa. Njano Uganda ni ya chama cha NRM, nyekundu ni ya NUP, bluu ni ya FDC, kijani ni ya DP. Mwalimu mstaafu anayepaka sebule yake njano ya ndizi mbivu mwaka wa uchaguzi atakuwa na maelezo ya kutoa kwa kila mgeni. Feruzi imekaa katikati ya FDC na DP bila kudaiwa na yeyote, na hilo peke yake limeipatia wapenzi.

Haikutoka kwenye udongo wa hapa. Kuta za asili za Padhola, yaani nchi ya Budama, kama za Wateso na Wasamia walio jirani, zilikandikwa kwa mikono ya wanawake: udongo, samadi ya ng'ombe, majivu, na udongo wa mfinyanzi uliochimbwa kinamasini. Mkono uliacha mistari ya mawimbi ukutani, na sehemu ya chini ikapakwa udongo mweusi au mwekundu uliokolea ili matone ya mvua yanayoruka kutoka ardhini yasionekane. Wekundu, uhudhurungi na manjano ya kutu vyote ni kazi ya chuma kilichomo ardhini. Weupe na kijivu hutoka kwenye mfinyanzi, weusi kwenye masizi na tope la kinamasi. Mtu angeweza kuchimba Paya nzima asipate kijiko kimoja cha bluu.

Bluu ya zamani ya kuta za nyumba za kawaida katika Afrika Mashariki ilitoka kwenye beseni la kufulia. Fundi alichukua chokaa iliyochujwa, akatia vipande vya bluu ya kufulia nguo, akakoroga. Bluu ile haiungui ndani ya chokaa, ilhali bluu nyingine kongwe, ile ya Prussia, hugeuka kahawia ikikutana nayo. Kwa hiyo kuta zikawa na rangi ya anga la asubuhi, nyepesi, ya unga, inayobaki kwenye koti la anayeegemea. Tororo, yenye vilima vya mawe ya chokaa na kiwanda cha saruji kilichoanza kazi miaka ya 1950, haikuwa na uhaba wa kitu cha kuchanganyia.

Feruzi nzito ilihitaji kiwanda cha mbali. Mwaka 1928, katika kiwanda cha Scottish Dyes mjini Grangemouth, Uskoti, wafanyakazi waliona unga wa bluu iliyokoza ukijitokeza ndani ya chombo ambamo walikuwa wakitengeneza kemikali nyingine kabisa. Chombo kilikuwa na ufa kwenye utando wake wa ndani, na chuma cha nje kikaingia kwenye mchanganyiko. Wanakemia walipochunguza wakakuta jamii mpya ya rangi, inayoitwa fthalosianini. Chuma kilipobadilishwa kwa shaba ikapatikana bluu ambayo kampuni ya ICI iliiingiza sokoni mwaka 1935 kwa jina la Monastral, na miaka michache baadaye, bluu hiyohiyo ilipotiwa klorini, ikazaa kijani. Kopo la feruzi linalouzwa Busia leo kwa kawaida limebeba hizo mbili na tone la nyeusi. Haziogopi jua, haziogopi chokaa, na ni kali ajabu: zikizidi kidogo tu, debe zima limeharibika. Ndiyo maana kuchanganya feruzi nyumbani kwa kukisia, kopo la bluu juu ya kopo la kijani, ni njia ya haraka ya kupata rangi ya sare ya shule ambayo hakuna aliyeiomba.

Vitabu vya kupamba nyumba vilivyoandikwa Uingereza vina sheria moja inayorudiwa kila ukurasa: chumba kinachotazama kaskazini kina baridi, usikipake bluu, kinachotazama kusini kina jua, kipake utakalo. Sheria hiyo ni sahihi London. Paya iko chini ya digrii moja kaskazini mwa ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kusini, kila mara likiwa juu sana kiasi kwamba paa na baraza hulizuia lisiingie dirishani. Kaskazini na kusini hugawana mwaka nusu kwa nusu. Dira ya chumba cha Paya ni mashariki na magharibi.

Chumba cha mashariki hupigwa na jua la saa moja hadi saa tatu asubuhi, jua la chini, la manjano, linaloingia hadi ukuta wa pili. Kwa saa hizo mbili feruzi huwa kijani kabisa, kama majani ya mgomba kivulini. Baadaye jua likipanda, chumba kinapoa na rangi inarudi kwenye bluu. Chumba cha magharibi hufuata mwendo wa kinyume: kimetulia asubuhi nzima, halafu kuanzia saa kumi jioni kinapokea jua zito, la rangi ya chungwa, na ukuta wa feruzi unaonekana kama umeungua. Wengi wanaolalamika kwamba rangi waliyoipata siyo waliyoichagua wana vyumba vya magharibi, nao waliitazama kadi dukani saa sita mchana, chini ya taa.

Halafu kuna mwanga ambao kadi za Ulaya haziufikirii kabisa. Kwa sehemu kubwa ya mchana, mwanga unaoingia nyumba ya Paya hautoki angani moja kwa moja. Umegonga kwanza uwanja uliofagiliwa, ule udongo mwekundu mtupu, ndipo ukaruka kupitia mlango na dirisha hadi ukutani. Umebeba wekundu wa uwanja. Feruzi humeza wekundu. Ndivyo inavyokuwa feruzi. Mwanga mwekundu ukiingia kwenye ukuta wa namna hiyo haurudi, na chumba kinaonekana cheusi kuliko vile mtu alivyotarajia. Jirani mwenye nyasi mbele ya mlango anaweza kununua debe lilelile, msimbo uleule, akapata sebule yenye uhai. Wakilinganisha, watamlaumu fundi.

Fundi mzoefu hujua, na ndiyo maana swali lake la kwanza halihusu rangi. Huuliza, "Mama, nyumba ina silingi?" Nyumba isiyo na dari, yenye mabati yanayoonekana ndani, ina giza juu na joto chini. Feruzi nzito hurudisha chini ya asilimia 20 ya mwanga unaoipiga, wakati nyeupe nzuri hurudisha zaidi ya 80. Chumba kisicho na silingi nyeupe, chenye dirisha moja la vyuma na pazia, kikipakwa feruzi pande zote nne kitahitaji taa saa nane mchana. Kikiwa na silingi nyeupe na ukuta mmoja tu wa feruzi, ule unaotazamana na dirisha, mwanga unatosha na rangi inaonekana kwa uzuri wake. Ukuta wenye dirisha lenyewe haufai. Jicho linalotazama dirisha hufumbwa na mwanga wa nje, na rangi iliyo pembeni yake huwa kivuli tu.

Usiku unaleta hesabu nyingine. Balbu nyingi zinazouzwa mpakani, pamoja na taa za sola, ni za ule mwanga mweupe wenye ubaridi, unaoandikwa 6,500K kwenye boksi. Chini yake feruzi hukimbilia bluu na nyuso za watu hupauka. Balbu ya 3,000K, yenye umanjano, huirudisha kwenye kijani na kuituliza. Tofauti kati ya balbu hizo mbili ni kubwa kuliko tofauti kati ya feruzi mbili zinazofuatana kwenye kadi, na bei ya balbu ni ndogo kuliko ya lita moja ya rangi. Anayesitasita kati ya vivuli viwili aanze kwa kubadili balbu.

Njia ya kujaribu ni ya zamani na haijapata mpinzani. Nunua kopo dogo kuliko yote yaliyopo, paka ubao wa plaiwudi au kipande cha silingi bodi chenye upana wa kama mita moja, mara mbili, na uache ukauke usiku kucha, kwa maana rangi ya maji hukolea ikikauka. Kisha ubao huo usimamishwe ukutani asubuhi, mchana, jioni na usiku taa zikiwaka, na uhamishwe chumba kwa chumba. Kupaka mraba mdogo moja kwa moja kwenye ukuta wa zamani hudanganya, kwa sababu rangi ya zamani inayouzunguka huingilia macho.

Wekundu wa udongo unaoiua feruzi ndani ndio unaoipa uhai nje. Kwenye duara la rangi, wekundu wa matofali na bluu-kijani hutazamana uso kwa uso, na rangi zinazotazamana huamshana. Daktari wa upasuaji Harry Sherman wa San Francisco aliitumia siri hiyo mwaka 1914 alipoachana na kuta nyeupe za chumba chake cha upasuaji na kupaka kijani. Macho yaliyochoka kutazama damu yalipumzika yakitazama ukuta, na wekundu wa damu ukaonekana vizuri zaidi. Hospitali za dunia zikafuata, pamoja na wodi za serikali za Afrika Mashariki zilizopakwa kijani au bluu ya mafuta hadi kifuani na nyeupe juu yake. Hapo ndipo feruzi inapopata maadui Paya. Mzee aliyelazwa wodini miaka ya nyuma akiingia sebule yenye feruzi inayong'aa hadi usawa wa kifua, mstari umepigwa kwa kamba, ananusa dawa. Mstari huo ndio unaomkera kuliko rangi yenyewe. Ukuta ukipakwa wote kutoka sakafuni hadi silingi, kwa rangi isiyong'aa sana, hospitali hutoweka.

Nyumba za matofali ya kuchoma, ambazo mwenyewe hajapata pesa za lipu, ndizo zinazoipokea feruzi vizuri kuliko zote, nazo zinahitaji kiasi kidogo mno. Mlango wa chuma na fremu za madirisha, lita moja au mbili za rangi ya mafuta juu ya redi oksaidi ya kuzuia kutu, basi. Matofali yanakuwa mekundu zaidi, mlango unakuwa wa bluu zaidi, na nyumba ambayo haijaisha inaonekana kama imekusudiwa kuwa hivyo. Kati ya matumizi yote ya feruzi katika sehemu hizi hili ndilo linalolipa zaidi, na ni ajabu kwamba watu huliruka na kukimbilia sebule. Vilevile kwa sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kusuguliwa kwa polishi: mguu wa ukuta ukiwa feruzi juu ya sakafu hiyo, chumba hakihitaji pambo jingine. Vitambaa vyeupe vya kusuka kwa mkono, vile vinavyotandikwa kwenye migongo ya makochi, huonekana kwa mara ya kwanza kuwa kazi ya sanaa.

Vumbi, hata hivyo, halina urafiki. Januari na Februari, upepo ukivuma, kila kitu cha bluu Paya hupata utando wa kahawia. Feruzi ya unga, ile rahisi yenye chokaa nyingi na gundi kidogo, hushika vumbi na haioshwi. Ukiipangusa kwa kitambaa chenye maji, kitambaa kinaondoka na rangi. Kabla ya kununua, mtu anaweza kutafuta nyumba iliyopakwa aina hiyo mwaka uliopita na kuusugua ukuta kwa kiganja. Kiganja kikitoka na unga, aipite. Kwa vyumba vya watu wengi, rangi ya silki inayooshwa inafaa kuliko ile ya kawaida, ingawa bei yake inauma.

Ukuta wenyewe una masharti yake. Lipu mpya ya saruji ni kali. Hukaa na magadi makali kwa wiki kadhaa, na mafundi waangalifu husubiri angalau siku 28 kabla ya kuigusa, kisha hupaka andakoti ya kuzuia magadi. Kwenye nyeupe, haraka haionekani. Kwenye feruzi, chumvi inayosukumwa na unyevu hujitokeza kama ukungu mweupe chini ya dirisha na kando ya mlango, na hakuna mkono wa tatu wa rangi utakaoificha, kwa sababu chumvi hupita. Mvua za Tororo huja kwa awamu mbili, Machi hadi Mei, na tena kati ya Septemba na Novemba. Lipu iliyopigwa Novemba na kupakwa wiki moja kabla ya Krismasi, ili wana wanaorudi kutoka Kampala na Nairobi waikute nyumba mpya, ndiyo inayoota ukungu Pasaka. Desemba ni msimu wa mafundi wa rangi, ada hupanda, na kila mtu ana haraka. Februari fundi huyohuyo ana nafasi, kuta zimekauka, na anapunguza bei bila kuombwa sana.

Nyumba ya udongo nayo inaweza kuvaa feruzi, ila si ya plastiki. Ukuta wa miti na udongo hupumua. Ukifungwa kwa rangi ya mafuta, maji yanayopanda kutoka ardhini hunaswa nyuma yake na rangi hubanduka pamoja na ganda la udongo. Chokaa iliyotiwa rangi ya unga inayostahimili chokaa hukaa vizuri zaidi. Haitafika uzito wa kadi. Itakuwa feruzi iliyofifia, karibu na ile ya beseni la kufulia, na kwa chumba chenye dirisha dogo hiyo ni heri.

Kuna jambo moja ambalo mwandishi yeyote wa mapambo wa Nairobi asingelifikiria, nalo Paya ni la lazima. Budama Magharibi ni miongoni mwa sehemu zilizowahi kupimwa malaria nyingi kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria kwamba mtu wa Nagongera, si mbali na Paya, aliumwa na mbu wenye vimelea takriban mara 310 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2014 wilaya ya Tororo ilianza kupuliziwa dawa ndani ya nyumba, kwanza bendiokabu, kisha kuanzia 2016 dawa ya Actellic, na malaria ikashuka kwa kishindo. Wilaya ya Busia upande wa Uganda haikuwa kwenye mpango huo, na watafiti wamekuwa wakilinganisha nyumba za pande hizo mbili za mpaka wa wilaya.

Dawa hiyo hufanya kazi kwa sababu mbu jike, akishakunywa damu, hutua ukutani kupumzika. Ukuta ndio mtego. Kwa hiyo wapuliziaji huwaomba wenye nyumba wasioshe, wasikandike upya wala wasipake rangi kwa miezi dawa inapokuwa hai, kwa kawaida hadi sita. Mtu anayepaka feruzi yake wiki mbili baada ya timu kupita ameifunika dawa yote chini ya mkono wa kwanza wa andakoti. Mpangilio mwema ni rangi kwanza, ikauke kabisa, ndipo dawa ije juu yake. Ukuta uliopigwa lipu na kupakwa rangi una faida nyingine, kwa maana udongo mtupu huinyonya dawa ndani ambako mguu wa mbu haufiki. Kabla ya kutafuta fundi, basi, ni busara kumuuliza mwenyekiti wa kijiji kama kuna awamu ya kupulizia inayokaribia.

Je, rangi yenyewe huvuta mbu? Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mbu aina ya Aedes aegypti, akishanusa pumzi ya mtu, hukimbilia nyekundu, rangi ya chungwa, nyeusi na bluu-kijani ing'aayo, na hupuuza kijani, zambarau, bluu na nyeupe. Habari hiyo ilienea haraka na kuwatia watu hofu. Aedes huyo huuma mchana na hubeba dengi. Anayeleta malaria Paya ni mwingine, Anopheles, wa usiku. Chandarua kinabaki juu ya kitanda, ukuta uwe wa rangi gani.

Tatizo la mwisho ni la mpakani pekee, nalo limewagharimu wengi. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kizinduliwe rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kuvuka kumekuwa kwepesi, na mtu hununua pale shilingi inapomfaa. Saruji ni saruji pande zote. Rangi sivyo. Feruzi nzito haipatikani ikiwa tayari kwenye debe. Hutengenezwa na mashine dukani, kwa kudondosha wino kwenye msingi maalumu wenye nyeupe kidogo sana ndani yake. Kampuni ileile inaweza kuwa na misingi tofauti kwa viwanda vya nchi mbili, na msimbo wa Kenya ukiingizwa kwenye mashine ya Tororo hutoa binamu wa rangi, siyo pacha. Majina nayo yamehama. Kansai Plascon, kampuni tanzu ya Kansai ya Japani, iliinunua biashara ya Sadolin ya Afrika Mashariki mwaka 2017, na wateja waliozoea kopo la jina moja wakajikuta wakiulizwa jina jingine. Kadi ya zamani iliyohifadhiwa kabatini haina tena uzito wa kisheria.

Dawa yake ni kununua yote siku moja, duka moja, na kumwaga makopo yote kwenye ndoo kubwa na kuyakoroga pamoja kabla ya kuchovya rola. Hesabu si ngumu. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.7, kina kuta za mita za mraba 35. Toa mlango na madirisha mawili, zinabaki kama 30. Lita moja hufunika mita 10 hivi kwenye ukuta uliopigwa skimu, na pengine 7 kwenye lipu yenye mchanga. Mikono miwili kwenye kuta zote itakula lita 6 hadi 9. Lakini kwa vile msingi wa feruzi hauna nyeupe ya kutosha kuficha kilicho chini, ukuta uliokuwa wa maziwa utadai mkono wa tatu, isipokuwa fundi apake kwanza andakoti ya kijivu, ambayo ni rahisi. Kwa ukuta mmoja uliopigwa skimu, ulio nyuma ya makochi, mita 9 na nusu za mraba, debe la lita 4 linatosha hata kwa mikono mitatu, na kitu kinabaki.

Dukani pia itazamwe alama ya ubora, ya UNBS kwa Uganda au KEBS kwa Kenya, na hasa kwa rangi za mafuta. Fthalosianini haina risasi, lakini kijani ya bei ya chini inaweza kupatikana kwa kuchanganya bluu na manjano ya kromu, ambayo ina risasi ndani yake. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao Gigiri, Nairobi, linapendekeza kikomo cha sehemu 90 za risasi kwa kila milioni ya rangi kavu. Mtoto anayetambaa hutia kinywani kila kinachobanduka mlangoni, na risasi huharibu ubongo unaokua. Duka lisiloweza kuonyesha alama hiyo halistahili kuuza rangi ya chumba cha watoto, hata likipunguza nusu ya bei.

Kwenye jiko la kuni, feruzi isipelekwe kabisa. Masizi yataishinda kabla ya mwezi kwisha, na chokaa inayorudiwa kila mwaka inafaa zaidi. Chumba cha kulala cha wazazi, ambako watu huingia usiku na kutoka alfajiri, ndipo mahali pekee ambapo kuta nne za feruzi zinaruhusiwa bila mjadala, silingi ikibaki nyeupe. Korido haina dirisha, basi iachiwe maziwa. Chumba cha wageni hutegemea wageni.

Kilichobaki kwenye debe kifungwe, kifuniko kigongwe kwa nyundo juu ya kipande cha mbao, na nje ya debe paandikwe kwa kalamu nene msimbo, jina la duka, tarehe na chumba. Mipini ya baiskeli zinazolazwa sebuleni huchora ukuta mahali palepale kila siku, na feruzi iliyochubuka huonyesha nyeupe yake kutoka mlangoni. Nusu lita iliyohifadhiwa kivulini, mbali na mabati yenye joto, itarekebisha mikwaruzo kwa mwaka mmoja au miwili. Ikinuka kuoza, imwagwe kwenye shimo la taka, mbali na kisima.